Mlezi Aliyefungua Makontena ya Watoto

Kariakoo ukitaja kontena watu wanageuza shingo, wakidhani mzigo umetoka bandarini. Kwetu sisi tuliokuwa tunaacha watoto kwenye ile nyumba ya zamani nyuma ya maduka ya vitenge, kontena lilikuwa lile dogo la plastiki la chakula cha mchana. Ulilikabidhi asubuhi pamoja na mtoto, na Mlezi alilifungua hapohapo mbele yako, kabla hujapata upenyo wa kukimbilia kazini.

Jina lake nilikuwa nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Bibi, sisi wazazi tukamwita Mlezi, hata wauza maji wa mtaa ule walimwita hivyohivyo. Alizaliwa wapi, watu wake ni kina nani, sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujisimulia. Ninachokijua ni kile nilichokiona kwa karibu miaka mitatu ya kupiga hodi mlangoni pake: mwanamke mrefu, mkavu, miwani imefungwa lastiki nyuma ya kichwa kwa sababu watoto walikuwa wanaivuta, khanga mbili safi kila siku ya Mungu, na pua inayojua chakula kilichochacha kabla mfuniko haujafunguka.

Mimi ni fundi wa shokomzoba za magari, kwenye gereji za mtaa wa Gerezani. Mwanangu Sauda alikuwa hajafikisha miaka minne mama yake alipokwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Tulikubaliana wote wawili, hakuna aliyemkimbia mwenzake. Tulitaka kumaliza nyumba yetu ya Chanika na spana yangu peke yake ilikuwa haifiki huko. Tukasema miaka miwili.

Wiki ile ya kwanza nilijua jambo moja tu kuhusu chakula cha mtoto: asionekane mtoto aliyeachwa. Kwa hiyo nikamfungashia vizuri, kwa akili yangu. Chipsi za jana, soseji mbili, soda ya chupa ndogo na pakiti ya biskuti za krimu.

Mlezi alifungua, akanusa, akanitazama. Sauda alikuwa ameshaingia ndani kwa wenzake.

"Baba, huyu mtoto umemleta kulelewa, au anapita hapa anaenda disko?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nani anapika nyumbani?"

"Hakuna, Mama. Mama yake amesafiri. Tunanunua."

"Atarudi lini?"

"Miaka miwili."

Akalifunga lile kontena taratibu, kama mtu anayefunika kitu kisiamke. "Jumamosi saa mbili asubuhi uje hapa. Uje na kilo ya maharage. Na uvae shati usilolipenda."

Ndivyo nilivyojifunza kupika, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, uani kwa watu, mbele ya jiko la mkaa, wapangaji wa vyumba vya nyuma wakinichungulia madirishani. Alinifundisha kwa namna aliyowafundisha watoto kuvaa viatu, yaani hakushika kitu. Aliketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, mikono ameifunga ndani ya khanga ili isimponyoke ikaja kunisaidia. Nilipounguza vitunguu alisema, "Tupa, anza." Nilipounguza tena alisema, "Tupa, anza, ila sasa usitazame madirishani." Jumamosi ya tano nilitoka pale nikijua maharage ya nazi, mchicha wa karanga, viazi vitamu, na wali usiogeuka uji.

Wenzangu gereji walinisema. "Baba Sauda kaolewa!" walipiga kelele nilipofungua kontena langu mwenyewe juu ya boneti ya gari. Mwezi haukwisha wakawa wanakuja na vijiko vyao.

Mlezi alikuwa na kanuni ambayo sikuwahi kuona anaivunja. Mtoto hasemwi kwa chakula alicholetewa. "Mtoto hakujifungashia," alikuwa anasema. "Mkono uliofungasha ndio unaosemwa." Kwa hiyo mbele ya watoto alipokea kila kitu kwa uso uleule. Jioni ndipo ulipokuta mfuko wa kaki unakusubiri nyuma ya mlango, ndani yake pipi zako, juisi yako ya boksi na biskuti zako, vyote kama ulivyovileta. "Mzigo wako huu, mwanangu. Haukuguswa." Na mtoto ameshiba. Makubaliano yetu yalikuwa chakula kinatoka nyumbani, yeye anatunza tu, lakini kila mchana sufuria lake lilikuwa limejaa. Ukimuuliza alijibu kwamba alipika mengi kwa bahati mbaya. Kila siku, kwa bahati mbaya.

Kusoma hakukuwa fani yake, ila alipenda kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti. Alisogeza miwani, akanyoosha mkono, akaanza kwa sauti ya hakimu. "Sukari. Mafuta ya mawese. Sukari tena, hii ya pili imekuja kumtembelea mwenzake. Halafu kuna E, mia mbili na kumi na moja." Akainua macho. "Huyu E ni nani? Kwao wapi?"

"Ni dawa ya kufanya kisiharibike, Mama," nilimwambia siku moja.

"Mie kitu nisichojua kwao simpi mtoto." Akakitia kwenye mfuko wa kaki.

Vita vyake vikubwa vilikuwa na Mama Kelvin, Mchaga mwenye duka la jumla mtaa wa pili. Duka zima biskuti, kripsi na juisi, zimepangwa mpaka darini. Mama Kelvin alikuwa mama mwenye upendo na mwenye haraka. Alikuwa anafungua duka kabla jua halijapanda, na asubuhi alinyoosha mkono tu kwenye rafu, akachukua vinne vitano, akajaza kontena la Kelvin. Angefanya nini? Chakula kilikuwa kimemzunguka.

Wiki nzima alirudishiwa mfuko. Alhamisi ya wiki ya pili akakasirika, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mlezi, unaniharibia biashara. Wazazi wote hapa walikuwa wateja wangu. Siku hizi wakipita dukani wanageukia upande wa pili."

"Uza, mwanangu, nani kakukataza? Peleka Mbagala, peleka Tandika, peleka mpaka Mwanza. Mie nakuomba Kelvin tu."

"Kwani wa Mbagala si watoto?"

Mlezi akageuka, akaingia ndani. Kesho yake nilipomkabidhi Sauda aliniambia kwa sauti ya chini, "Yule Mama Kelvin jana alinipata. Swali lake nimelala nalo mpaka asubuhi." Nilimpenda kwa hilo. Watu wengi wa rika lake wangetafuta methali ya kujifunika.

Mwaka ule haukwisha, Kelvin akaanza kulia anapotafuna, hata ndizi mbivu. Mlezi akamfungua mdomo dirishani penye mwanga, akampigia simu mama yake. Meno mawili ya mbele yaling'olewa, na mengine yakazibwa. Baada ya siku mbili Mama Kelvin alikuja asubuhi amebeba hotipoti kubwa ameikumbatia kifuani. Ndani ulikuwa mtori, ule uji mzito wa ndizi na nyama wa kwao, ambao mwenyewe alisema hajaupika tangu aolewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kontena langu, nikasubiri nisikie "nilikwambia". Mlezi akachota kijiko kimoja, akaonja, akaitikia kwa kichwa.

"Chumvi imekubali," akasema. "Mlete Kelvin."

Hakulitaja tena jambo lile, wala siku ile wala nyingine.

Kulikuwa na mtoto wa familia moja ya Kihindu, wenye duka la vitambaa. Babu yake mwenyewe ndiye aliyekuwa anamletea chakula saa sita mchana, cha moto, chapati na dengu, kwa kuwa kwao nyama hailiwi na hawakutaka ichanganyike. Mlezi alimwekea mtoto yule kijiko chake, akakifunga uzi mwekundu, akakitundika ukutani juu ya vingine. Msaidizi wake mmoja mgeni alipokitumia kukorogea mchuzi wa kuku, Mlezi alikitupa, akamsubiri yule mzee mlangoni, akamweleza yeye mwenyewe kilichotokea kabla hajaulizwa. Mzee akaenda zake. Alirudi kesho yake na vijiko sita vipya.

Nikisema hivi naonekana namchora malaika. Hakuwa malaika. Alikuwa mshabiki wa timu ya mpira ya Jangwani, na siku timu ikifungwa watoto walilazwa usingizi wa mchana mapema na hakuna mzazi aliyejibiwa salamu kwa zaidi ya neno moja. Alikuwa na kiburi cha sabuni: ukimletea mtoto mwenye kola chafu alimwosha, akakurudishia nguo imekunjwa vizuri kiasi cha kukuaibisha. Na yeye aliyewakataza watoto wetu pipi, Ijumaa alasiri alikaa nyuma ya mlango wa chumba chake akila kashata za nazi. Sauda ndiye aliyemfumania.

"Bibi, mbona wewe unakula?"

"Meno yangu yameshamaliza kazi, mjukuu wangu. Yako ndiyo kwanza yameajiriwa." Akampa nusu, akamwapisha asiseme. Sauda aliniambia kabla hatujafika kona.

Na ile siku ya mvua kubwa. Bonde la Jangwani lilijaa maji, mabasi ya mwendokasi yakasimama, wazazi wa upande wa Magomeni wakakwama mpaka jioni inaingia. Sufuria likaisha, mkaa ukalowa. Nilipofika, suruali imelowa mpaka magotini, nilikuta watoto tisa wameketi mkekani wana masharubu ya krimu, na Mlezi yuko katikati yao anatafuna. Alikuwa amefungua kabati la mifuko ya kaki ambayo wenyewe hawakuwahi kuifuata.

"Usiniangalie hivyo, Baba Sauda," akasema. "Leo mvua."

Sasa nieleze lile lililotutenganisha, kwa sababu bila hilo sitakuwa nimemsema yeye.

Sauda alipotimiza miaka mitano, mama yake alimpa mwanamke mmoja anayerudi nyumbani boksi la chokoleti amletee. Zilikuwa vipande vidogo vya mviringo, kila kimoja kimevaa karatasi ya dhahabu. Sauda hakuzila kwa pupa. Alilala na boksi. Kila asubuhi alichagua kipande kimoja, akakiweka kwenye kontena lake pembeni ya wali, na jioni mara nyingi alirudi nacho. Siku hizo nilikuwa na haraka, sikusubiri kontena lifunguliwe, nikadhani Mlezi anamwachia. Kumbe mtoto alikuwa anakificha kwenye soksi kabla hatujafika mlangoni. Mimi sikumweleza Mlezi habari ya boksi lile. Niliona ni jambo dogo.

Siku moja aliamka akasema anataka kuwaonyesha wenzake zote. Vilikuwa vimebaki vipande kumi na moja. Nilikuwa na gari la mteja linanisubiri, nikatia boksi kwenye begi, nikamwacha mlangoni kwa msaidizi, nikakimbia.

Jioni hapakuwa na mfuko wa kaki nyuma ya mlango. Sauda alitembea kimya mpaka nyumbani. Hakula usiku ule. Asubuhi hakula. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikampikia ukoko wa wali anaoupenda, wapi. Mchana wa siku ya pili nilipiga magoti mbele yake.

"Sauda, nani kakuudhi?"

"Bibi," akasema. "Bibi amemtupa mama kwenye taka."

Nilikwenda pale kama mtu anayekwenda kugombana sokoni. Mlezi alinieleza bila kujitetea. Alikuta watoto wanagombania chokoleti, wawili wameshaumizana, akazichukua zote akazitia kwenye pipa, na mkokoteni wa taka ukapita saa ileile. Mfuko wa kaki ulikuwa wa vitu vya wazazi, na yeye, kwa kuwa hizi hazikutoka kwenye kontena, alidhani Sauda amezitoa kwa mtoto mwenzake wa mtaani, hazina mzazi wa kurudishiwa.

"Ungeuliza!" nilimwambia, na sauti yangu ilifika barabarani. "Unajua kusoma pakiti, kuuliza mtoto hujui? Wewe kazi yako kulea, nani kakupa uhakimu? Yule hana mama hapa. Vile vipande ndivyo vilikuwa mama!"

Mlezi alisimama wima, mikono ndani ya khanga. Nilimchukulia Sauda begi lake na kandambili zake, nikaondoka.

Nilikaa naye gereji siku nne. Gereji si mahali pa mtoto. Ni oili, vyuma na maneno ya wanaume. Nilimwekea tairi kuukuu chini ya turubai akae hapo, na mchana tukala chipsi, kwa sababu hasira ilininyima hata moyo wa kuchemsha maharage. Alikula tatu nne, zilizobaki akaziacha.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, kelele za mafundi zikakatika ghafla kuanzia barabarani. Nikachungulia kutoka chini ya gari. Niliona khanga safi zinapita katikati ya injini zilizofunguliwa, zimeinuliwa kidogo zisiguse oili. Sikuwahi kumwona Mlezi nje ya mtaa wake. Sikujua hata kama anajua Gerezani ilipo. Hakunisalimu. Alipita pembeni yangu mpaka kwenye lile tairi, akachuchumaa mbele ya mwanangu, magoti yakilia.

"Sauda. Nimekuja kwako, sikumfuata baba."

Sauda alitazama chini.

"Nilitupa kitu cha mama yako. Sikujua, na sikukuuliza. Ningekuuliza ungeniambia. Nimekukosea, naomba unisamehe."

Mimi nimekulia kwa bibi na babu. Nimepigwa kwa makosa yangu na mengine ya wenzangu. Sijawahi kumsikia mtu mzima wa umri ule akimwambia mtoto maneno hayo. Mafundi wawili waliokuwa karibu waliweka spana chini.

"Utakirudisha?" Sauda akauliza.

"Siwezi. Kimeshakwenda."

"Utanipa kingine?"

Nilijua mkoba wake unaweza kuwa na kashata. Nilijua yeyote kati yetu angetoa kitu pale.

"Sina kinachofanana nacho," Mlezi akasema. "Nikikupa kingine nitakuwa nakudanganya."

Kisha Sauda akasogea kidogo kwenye tairi, nafasi ikapatikana, na Mlezi akaketi pale na khanga zake, juu ya mpira uliojaa oili, bega kwa bega na mtoto wa miaka mitano, mpaka nilipomaliza gari nililokuwa chini yake. Sikuwa na kazi yoyote iliyobaki chini ya gari lile. Niliona haya kutoka.

Tulirudi kwake Jumatatu. Mimi maneno yangu ya mlangoni sikuyaombea radhi. Nilijifanya yamekwenda na yake, na yeye hakunidai. Lakini tangu siku ile, kila alipofungua kontena na kukuta kitu asichokipenda, hakuangalia pakiti kwanza. Aliinama kwa mtoto akauliza, "Hiki kimetoka kwa nani?" Akijibiwa "dukani", kilikwenda kwenye mfuko wa kaki. Akijibiwa "kwa shangazi wa Moshi", au "baba alikuja jana", kiliwekwa kwenye rafu ya juu pembeni ya vikombe, na mwenyewe alipewa baada ya chakula, kidogo kidogo, mpaka kiishe.

Sauda alipoanza shule ya msingi tuliachana naye kwa wema. Baadaye ile nyumba iliuzwa. Ukipita sasa utakuta ghorofa la maduka, vioo vitupu, na chini wanauza mabegi. Mlezi alihamia Kigamboni kwa mdogo wake wa kike. Tulipigiana simu siku za Idi, halafu hata hizo zikapungua.

Miaka miwili ya Maskati ilizaa mkataba mwingine, na huo ukazaa wa tatu. Nyumba ya Chanika ikaezekwa. Mama Sauda aliporudi kwa kukaa, mtoto alikuwa na miaka kumi na moja.

Nilidhani kazi imekwisha. Uwanja wa ndege walikumbatiana, wakalia, tukapiga picha. Lakini mezani ndipo tulipojua. Mama Sauda alipika kila alichojifunza: wali wa zabibu, nyama ya kubanikwa, sambusa nyembamba kama karatasi. Sauda alikula vijiko vitatu kwa adabu, akasema, "Asante, nimeshiba," akanyanyua sahani yake akaenda kuiosha. Hivyo wiki nzima, wiki mbili. Hakuna aliyegomba. Alikuwa mgeni mzuri kabisa nyumbani kwake.

Jioni moja nilimkuta mke wangu amesimama mbele ya sinki, bomba liko wazi, hajaosha kitu.

"Kule nimelea watoto watatu wa wenyewe," akasema bila kunigeukia. "Mkubwa hali kitunguu. Wa kati mkate wake ukatwe pembe. Mdogo maziwa yawe vuguvugu, yakiwa moto anatapika. Wangu sijui."

Nilifunga bomba.

"Yule bibi aliyekuwa anamlea," akasema. "Nipeleke."

Jumapili tulivuka na pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni, sote watatu. Ukweli nilikuwa na hofu. Nilimjua Mlezi alivyowasema wazazi waliokosea kontena la siku moja. Huyu alikuwa amekosekana miaka saba. Tulimkuta ameketi kwenye mkeka sebuleni, amepungua mwili, macho yamefifia nyuma ya miwani ileile. Sauda alimwamkia, na Mlezi akamshika uso kwa mikono miwili, akampapasa mpaka kidevuni. "Umekuwa mrefu kama kesi," akamwambia. Kisha mke wangu akapiga magoti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani."

"Nimekuja kukuuliza, Mama. Sauda anapenda kula nini?"

Sauda akatazama mkeka. Mlezi alivua miwani, akaifuta na upindo wa khanga.

"Mie namjua wa miaka sita," akasema. "Yule alikuwa anapenda ukoko na viazi vitamu, na mchicha alikuwa anauficha chini ya sahani. Huyu mrefu simjui. Kwake yeye, mie na wewe sote wageni." Akageuka. "Sauda, bibi yako ana njaa. Jikoni kuna matembele na dagaa na unga. Kapike unavyopenda wewe. Mama yako atakusaidia."

Walinyanyuka, mmoja akimsubiri mwenzake atangulie. Mlezi akanipa mkono nimwinue, akasema anataka kwenda kwa jirani mara moja. Nilimshika mpaka nje. Hapo barazani akaketi kwenye benchi, akanyoosha miguu juani, akatulia.

"Mama, kwa jirani vipi?"

"Jirani gani?"

Nikaketi. Dirisha la jikoni lilikuwa nyuma ya vichwa vyetu. Kwa muda mrefu tulisikia maji tu, na kisu juu ya ubao. Kisha sauti ya Sauda, ndogo.

"Si hivyo. Vikonyo vinamenywa kwanza."

"Hivi?"

"Nyembamba zaidi. Ona."

Mwiko ukagonga sufuria. Sauda akasema kitu ambacho hatukukinasa, mama yake akauliza, "Nani, baba yako?" na Sauda akasema, "Si ndiyo! Ameunguza vitunguu mara mbili, watu wote wanamwangalia," halafu wakacheka wote wawili kwa pamoja, kicheko cha mama yake kikiwa juu, kile nilichokuwa sijakisikia tangu arudi.

Nilisimama bila kujijua, nataka kuingia. Mkono mkavu ukanishika shati kwa nyuma.

"Kaa chini, Baba Sauda," Mlezi akasema, macho ameyafumba. "Bado hakijaiva."